Hilo ua la mwambani liache papo hapo

Dadangu, wauliza kama waeza kung'oa lile ua la zambarau uliloliona mwambani kule Cha Simba, Kilifi, ukalipande kwako Kisauni. Usithubutu! Kama majani yana manyoya laini na limejishikiza kwenye nyufa za mawe ya chokaa kivulini, basi ni African violet la mwituni, jamaa ya yale yalochukuliwa milima ya Usambara, Tanzania, 1892 yakaishia kwenye vyungu dunia nzima, lakini hili la huku lamea mahali pachache sana, na jua la Kisauni litalikaanga. Wewe nenda kwa wauza miche uombe jani moja la African violet lile la kawaida la vyunguni, chomeka kikonyo kwenye mchanga wenye unyevu, weka barazani kivulini, maji mwaga kwenye sahani ya chini. Langu mie nililinyunyizia maji majanini likaoza.