Kisasi cha kauboi: kijana wako aligonga mlango wa nani kabla ya kununua bastola?

Wiki hii msomaji mmoja amenitumia mswada wa filamu yake fupi ya kauboi, kurasa 20. Ukurasa wa kwanza baba anauawa. Wa pili kijana ananunua bastola. Kuanzia wa tatu ni risasi mpaka mwisho, na maiti 14. Anauliza kwa nini kila anayeusoma haguswi.

Haguswi kwa sababu kijana hajadai haki popote. Stelingi anayekimbilia bastola kabla hajagonga mlango wa sheria ni jambazi aliyefiwa tu. Sheria ishindwe kwanza, na ishindwe tukiiona.

Tazama Unforgiven ya Clint Eastwood (1992). Mwanamke wa danguro anakatwakatwa uso kwa kisu. Sherifu anakuja, mjeledi uko tayari, ndipo mwenye baa anapotoa mkataba: huyu mwanamke nimemlipia, sasa nani atamtaka? Kesi inaishia kwenye faini ya farasi, na farasi wanakwenda kwa mwenye baa. Aliyekatwa hapati kitu. Wenzake wanachanga akiba zao mpaka wanaahidi dola 1,000 kwa atakayemuua aliyeshika kisu na mwenzake aliyekuwa naye. Hakuna anayesema "sheria ni mbovu". Kuna karatasi, kuna faini, na kuna anayeipokea. Katika kurasa 20, tenga 4 kwa tukio kama hilo. Ukiliweka kwenye mazungumzo ya mistari miwili, kila risasi inayofuata itakuwa kelele.

Kosa la pili: adui wako anapigwa risasi ya mgongo, anakufa bila kujua ni deni gani analipa. Hicho si kisasi. Katika Once Upon a Time in the West ya Sergio Leone (1968), Charles Bronson hana hata jina, ana kinanda cha mdomo shingoni. Frank, anayechezwa na Henry Fonda, anamuuliza yeye ni nani, naye anamtajia majina ya marehemu. Kisengerenyuma, yaani tukio la zamani analolikumbuka, kinakuja kwa vipande. Mwanzoni ni mtu anayetembea kuja kwetu, sura haisomeki. Siku ya pambano ndipo picha inatulia: mtoto, ndiye Bronson huyu, amembeba kaka yake mabegani, kaka ana kitanzi shingoni, na Frank anamsukumia mtoto kinanda mdomoni. Magoti yakilegea, kaka ananyongwa. Frank akishapigwa, anauliza tena. Bronson hajibu. Anakivuta kinanda shingoni na kumtia mdomoni.

Jifunze hapo. Chagua kitu kimoja kidogo, kionyeshe mara 3: kwanza bila maelezo, kisha mbele ya adui asiyekitambua, mwisho deni linapolipwa. Mhusika akifungua kinywa kukieleza, umekiua.

Tatu ni gharama, na hapa waandishi wengi ni waoga. Rudi kwenye Unforgiven. Anayekufa kwanza si aliyeshika kisu, ni mwenzake, kijana aliyeleta farasi mzuri wa kumpa yule mwanamke kama fidia. Anapigwa tumboni na hafi haraka. Analia kiu, na Munny, anayechezwa na Eastwood, ndiye aliyempiga, anawapigia kelele wenzake wa yule kijana kwamba hatafyatua, wampelekee maji. Mtu mmoja anayeomba maji ana uzito kuliko maiti zako 14, kwa sababu tumepewa muda wa kumsikia.

Na ukitaka kisasi cha umati, hesabu kura. The Ox-Bow Incident (1943) ina dakika 75 tu: watu 3 wanatuhumiwa mauaji, 7 kwenye kundi wanakataa kuwanyonga, waliobaki wanawanyonga. Kisha sherifu anawaambia anayedaiwa kuuawa yu hai. Wale 7 ndio wanaouma, maana haki ilikuwepo pale pale, ikazidiwa idadi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, bastola isogee mpaka ukurasa wa 7. Kabla yake kijana aende kwa hakimu, na hakimu ampe jibu lililoandikwa na kupigwa muhuri. Maiti zipungue ziwe 3, na mmoja wao tumjue kwa jina na kwa sauti. Kofia ya baba, uliyoitaja mara moja ukurasa wa 1 ukaisahau, irudi ukurasa wa 9 mbele ya adui, na ukurasa wa 19 iwe mkononi mwa adui huyo.