Dada, anza na ndege mmoja

Jumatatu dada mmoja wa Shinyalu aliniandikia: "Mwalimu, nimekariri ndege mia mbili kitabuni na bado wageni hawanichukui. Nifanye nini?" Nimeshindwa kumjibu kwa siku tatu, maana amegusa mahali ambapo bado pananiuma.

Mwaka wangu wa pili wa kuongoza wageni katika Msitu wa Kakamega, nilijiona bingwa. Asubuhi moja karibu na Isecheno nilikuwa na wageni wanne wa kampuni fulani ya safari. Ndege akalia kichakani, nikataja jina papo hapo. Wale ndege waitwao shore wa msituni, wa rangi ya majani, wanafanana kama mapacha. Bila sikio umepotea. Mama mmoja mwenye mvi akasikiliza, akasema taratibu, "Sidhani ni huyo." Ndege akajitokeza. Hakuwa huyo. Nami nikabisha! Kukosea nimeshajisamehe, kubisha bado. Kampuni haikuniita tena, na sababu nilikuja kuisikia kwa dereva wao.

Tukinywa chai, yule mama alinisimulia kuhusu Cousin, kisiwa cha hekta 29 huko Shelisheli alikowahi kujitolea. Kuna ndege mdogo wa kahawia, mwimbaji, anayeokota wadudu chini ya majani. Minazi ilipandwa karibu kisiwa kizima, msitu ukaisha, na kufikia 1968 walikuwa wamebaki chini ya 30 duniani, wote hapo. Mwaka huo kisiwa kikanunuliwa kwa ajili yao. Miche ya minazi ikang'olewa, miti ya asili ikarudi, ndege wakapita 300. Mwaka 1988 wakahamishwa 29 kwenda kisiwa jirani cha Aride, na 1990 wengine 29 kwenda kisiwa kingine, Cousine. Leo wako pia kwenye visiwa vya Denis na Frégate.

Lakini mimi kilichonibaki kichwani ni pete. Karibu kila ndege pale Cousin ana pete za rangi miguuni, na watafiti wanajua yupi ni mama wa yupi. Jike hutaga yai moja tu kwa kawaida, na mara nyingi binti yake hubaki nyumbani kumsaidia kulisha mdogo wake. Watu wanawajua ndege hao kama sisi tunavyojua watoto wa jirani!

Nikarudi msituni nikachagua shore mmoja, yule wa masharubu ya njano. Miezi sita. Alikuwa na kijiti chake, kimo cha bega langu, akiimba hapo tangu asubuhi hadi jioni, manyoya ya koo yakitetemeka. Nilipomzoea huyo, sauti za wengine zikaanza kujitenga zenyewe. Sasa hivi wageni wananiulizia kwa jina.

Kwa hiyo dada, funga kitabu. Chagua ndege mmoja, umsikilize mpaka umjue. Mmoja, si kumi. Vijana mnakimbilia hesabu ya majina mkidhani mgeni analipia hesabu. Mgeni analipia sikio lako. Na ukikosea mbele yake, sema "nimekosea" hapo hapo, kabla ndege hajaruka. Usibishe. Narudia, usibishe.

Jumamosi saa kumi na mbili alfajiri nitakuwa Isecheno, kwenye kile kijiti. Njoo na sweta, kuna umande mwingi, na kitabu ukiache nyumbani.