Mnaoanza bendi, shusheni sauti kwanza

Wanabendi wenzangu, hii naiandika kwa sababu nimechoka kuona bendi zenye vipaji zikizama kwenye kelele zao zenyewe. Mimi napiga besi, na muda mwingi nimepiga kwenye kumbi ndogo, zile ambazo ukinyoosha gitaa unamgusa mtu wa mbele. Huko kinachofanya muitwe tena mara nyingi sio spidi ya vidole vya mpiga solo, ni kama watu wamesikia mwimbaji anasema nini.

Angalia inavyokwenda. Drams kwenye chumba kidogo hazihitaji hata maiki, zikitwangwa kwa nguvu peke yake zinavuka desibeli 100, desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti. Mpiga solo hajisikii, anapandisha ampu, ile spika ya gitaa lake. Kinanda nacho kinapanda, wa besi naye hataki kupotea, mwimbaji anaomba aongezewe monita, ile spika inayomwangalia yeye ili ajisikie, fundi mitambo anaongeza, maiki inaanza kudaka sauti ya spika na kuirudisha kwenye spika ileile, inazunguka hivyo hivyo mpaka unatoka ule mlio wa kutoboa masikio na ukumbi mzima unamgeukia fundi. Jamani, fundi anaonewa! Maiki ina kikomo chake, na vyombo vikishafika juu ya kikomo hicho hakuna kitufe cha kumuokoa mwimbaji.

Kwahiyo anzeni na mwimbaji. Kwenye saundi cheki, yaani mnapojaribu mitambo kabla ya shoo, pandisheni sauti yake mpaka maiki inapokaribia kutoa ule mlio, ishusheni kidogo, hapo ndo dari, vyombo vingine vyote viingie chini yake. Mpiga dram ndo ana kazi ngumu kuliko wote maana yeye hana kitufe cha kupunguza, ana mikono tu, na dram ya taratibu yenye taimingi ni ngumu kweli, mheshimuni anayeiweza. Mpiga gitaa, ampu yako ukiiweka chini inapiga magoti yako na kuwachoma watu wa mbele, iinamishe ikuangalie usoni uone kama hutaipunguza mwenyewe. Na mpiga kinanda nakuomba sana, mkono wa kushoto uachie besi nafasi, tukijazana wawili kule chini na dram la mguu lipo hapohapo inatoka ngurumo tu. Pia ukumbi mtupu usiwachanganye, watu wakijaa miili yao inanyonya sauti, hasa zile kali za juu, saundi ya mchana sio ya usiku.

Halafu masikio. Hapa sina utani kabisa. Desibeli 85 unaweza kukaa nazo masaa 8 kwa siku, lakini kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu, ukifika 100 una kama dakika 15 tu, na sisi tunafanya mazoezi ya masaa chumba kimefungwa! Ukitoka mazoezini masikio yanalia nziii, hayo yameumia, na usikivu ukishapotea kwa kelele haurudi. Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, vile vinavyoshusha sauti zote kwa usawa, wimbo unausikia vizuri tu.

Mengine nayasema haraka. Fundi mitambo mpelekee mapema orodha ya vyombo na nani anasimama wapi, njoo na waya zako na betri za akiba, msalimie kabla hujamlalamikia. Hela mkubaliane kabla ya shoo na sio baada, na mgao wa nyimbo mnazotunga uandikwe wakati bado mnapendana. Na bendi nyingine zikipanda msikimbie. Kaeni msikilize. Bendi za sehemu moja zinaazimana mpaka mpiga dram, na ukumbi ukitafuta bendi ya kufungua shoo unauliza hizo hizo bendi, hawatamtaja mtu aliyeondoka na mashabiki wake wote dakika alipomaliza kupiga.

Mazoezi yajayo weka simu mwisho wa chumba, pale angekaa msikilizaji, rekodi wimbo mmoja kisha sikilizeni wote bila mtu kujitetea. Neno la mwimbaji likipotea, simamisheni hapohapo, tafuteni ni chombo gani kimemfunika, kishushwe, mrudie wimbo.