Kabla mtoto hajatoroka, huchelewa kwanza

Nilikuwa na miaka 11 nilipodandia lori la mpunga kutoka Shinyanga kwenda Mwanza. Kila ninayemsimulia huuliza: walikuwa wanakupiga? Hapana. Kwa baba mdogo, nilikopelekwa bibi alipofariki, sikuchapwa wala kutukanwa. Ndiyo maana hata majirani hawakushtuka.

Kilichoniondoa ni sahani. Pale nyumbani aliyechelewa aliwekewa chakula juu ya kabati, kikafunikwa na sahani nyingine. Watoto wa baba mdogo walifunikiwa. Jioni ya kwanza niliyochelewa mimi, nilikuta masufuria yameshaoshwa. Nikajua wamesahau tu. Wiki iliyofuata nikachelewa makusudi, nikajibanza nyuma ya choo cha shule mpaka giza likaingia. Niliporudi mtu alinifungulia mlango, akarudi kulala bila neno. Mara ya tatu nililala kwenye banda la mashine ya kusaga. Asubuhi nikaingia kuchukua daftari, mama mdogo akanituma maji kama siku zote. Nilisimama na ndoo mkononi nikingoja aniulize nilikuwa wapi. Nilitamani hata kugombezwa.

Wazazi huniambia mtoto wao alitoroka ghafla. Mimi sijamwona wa ghafla. Huanza kwa kuchelewa, kisha kulala kwa rafiki, na kila akirudi huwatazama usoni kuona kama kuna aliyemkosa. Wa kuangaliwa zaidi ni mtoto aliyeletwa: wa marehemu dada, wa mke wa kwanza, au yule aliyetolewa kijijini aje "kusoma na kusaidia kazi". Huyo hawezi kudai. Anahesabu kimya kimya.

Kwa hiyo akichelewa, mpe chakula kwanza, maswali baadaye. Mwaloni Kirumba, soko la samaki pale Mwanza, nilikobeba ndoo za dagaa na kulala juu ya magunia, kuna mama muuza uji alinipa kikombe siku tatu bila kuniuliza kitu. Siku ya nne akauliza jina la shule yangu. Hakuuliza kwa nini nilitoroka, ila mimi nikamweleza yote. Yeye ndiye aliyenipeleka ustawi wa jamii, shangazi yangu akatafutwa.

Kama ni mtoto wa jirani, usingoje uone alama za fimbo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi au mlezi ampe mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, hata nafasi ya kucheza. Na ukijua mtoto ananyimwa hayo, sheria hiyo inakutaka utoe taarifa serikali ya mtaa. Ukishindwa kumkabili jirani, piga 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto. Ila kwanza muulize mtoto mwenyewe jana usiku alikula nini, na angalia anachukua muda gani kujibu.

Na aliyerudi atawajaribu tena, msimchoke. Wiki ya kwanza kwa shangazi nilichelewa makusudi, nikarudi usiku nikinyata. Shangazi alikuwa kizingitini na taa ya chemli. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, ugali umepoa, ngoja nikupashie mchuzi."