Ukikutana na "charge", uliza nani kabebeshwa nini

Chukua sentensi hii ya kawaida kabisa ya gazeti la Kiingereza: "The committee charged with investigating the theft met on Monday." Ukiipitia juu juu unapata kamati iliyoshtakiwa kwa wizi. Kumbe habari yenyewe ni kwamba kamati iliyopewa kazi ya kuchunguza wizi ilikutana Jumatatu. Tafsiri ya namna hiyo ikitoka hadharani, watu wazima na heshima zao wanageuzwa wezi kwa neno moja. Wala si uvivu. "Charge" tumelizoea kwa sura mbili tu, chaji ya simu na makato ya pesa, kwa hiyo tukilikuta mahakamani, hospitalini au bandarini tunaanza kubahatisha.

Inasaidia sana kujua lilikotoka. Walatini waliuita mkokoteni "carrus", jina walilolichukua kwa Wakelti wa Gaul, nchi ambayo leo ni Ufaransa. Humo kikazaliwa kitenzi "carricare", yaani kupakia mzigo kwenye mkokoteni. Kifaransa cha kale kikakigeuza kuwa "chargier", na kwa kuwa Wanormani waliiteka Uingereza mwaka 1066 na Kifaransa chao kikawa lugha ya watawala na mahakama, neno likavuka bahari pamoja nao. Katika maandishi ya Kiingereza linaonekana mwanzoni mwa karne ya 13, maana yake ikiwa ileile: kupakia, kutwisha. Maana nyingine zimeota juu ya hiyo. Mzigo ukawa wajibu, tuhuma, gharama, baruti, mwishowe umeme. Ndiyo maana kabla ya kufungua kamusi ni vizuri ujiulize: katika sentensi hii, nani kabebeshwa nini?

Jibu mara nyingi limekaa kwenye kihusishi kinachofuata. Tuanze na "with", maana ndicho chenye mitego mingi. Mwingereza akipakia lori mchanga husema "load a lorry with sand". "With" inatangulia kitu kilichopakiwa. Ni vivyo hivyo kwa "charge". "Charged with murder": kabebeshwa tuhuma ya mauaji. "Charged with a duty": kabebeshwa jukumu. "A voice charged with anger": sauti iliyojaa hasira. Kinachofuata kikiwa jina la kosa, kama "theft" au "fraud", hapo ni mashtaka. Kikiwa kitenzi chenye "-ing", tazama kitendo hicho cha kwanza: chenyewe ni kosa au ni kazi? "Charged with stealing" ni kushtakiwa kwa kuiba. "Charged with protecting the forest" ni kukabidhiwa ulinzi wa msitu. Kinachoamua ni kitenzi kilichoshikamana na "with", si nomino inayokuja mwishoni mwa kirai. Kwenye ile sentensi ya kamati kitenzi ni kuchunguza, na kuchunguza si kosa. Neno "theft" limekaa pale nyuma kututega tu.

Wengi huandika "charged for theft" kwa sababu Kiswahili kinasema kushtakiwa kwa wizi, na "kwa" hiyo tunaifanya "for". Kwa Mwingereza hiyo inakaribia kusikika kama mtu aliyetozwa ada ya kuiba. "Charged of" nayo haipo. Imeazimwa kutoka "accused of". Na "accused" na "charged" havilingani uzito. Jirani anaweza kuku-"accuse" barazani bila karatasi yoyote, lakini hujawa "charged" mpaka mamlaka ikufungulie mashtaka rasmi. Waandishi wa habari waliangalie hili kwa makini: aliyekamatwa tu ni mtuhumiwa, aliyesomewa hati ya mashtaka ndiye mshtakiwa. Kumwita mshtakiwa mtu ambaye taarifa ya Kiingereza inasema tu "arrested" ni kumsukuma hatua ambayo hajaifikia.

Kwenye pesa, mpangilio ni mtu, kiasi, halafu "for" na kitu: "They charged me 2,000 shillings for the form." Hakuna "to" kabla ya mtu. "They charged to me" ni kosa, kwa sababu "to" hapa hutangulia hesabu inayobeba deni. Mhudumu wa hoteli akikuuliza "Shall I charge it to your room?" hasemi chakula kitaletwa chumbani. Anauliza kama aandike deni kwenye hesabu ya chumba chako ulipe ukiondoka. Ukijibu "yes" kwa kudhani unaletewa sahani, utakaa na njaa na bili utaikuta.

Wingi nao una lake. "Charge" ya simu kwa kawaida haiandikwi kwa wingi. "Charges" za benki ni makato, "charges" za polisi ni mashtaka, na kitenzi cha jirani ndicho kinachozitenganisha: "drop the charges" ni kufuta mashtaka, "waive the charges" ni kusamehe makato. "Free of charge" ni bure, basi. Nauli ya basi ina neno lake, "fare", na malipo ya wakili au ya shule huitwa "fee". Usilibebeshe "charge" kila malipo.

Kwenye vyeo kuna herufi tatu zinazogeuza mambo juu chini. "The nurse is in charge of the child": muuguzi ndiye msimamizi wa mtoto. "The child is in the charge of the nurse": mtoto yuko chini ya uangalizi wa muuguzi. Ukiondoa hiyo "the" katika sentensi ya pili, mtoto anakuwa bosi wa muuguzi. Kwa tafsiri ya cheo, Tanzania tuna neno zuri ambalo naona linaachwa ovyo siku hizi: mfawidhi. Mganga mfawidhi, hakimu mkazi mfawidhi, jaji mfawidhi, wote ni "in charge". Linatokana na kufawidhi, yaani kukabidhi mamlaka, kwa hiyo linabeba wazo lilelile la mtu aliyetwishwa dhamana. "Inchaji wa zahanati" inaeleweka mtaani, lakini kwenye barua rasmi mfawidhi linapendeza zaidi.

Umeme uliingiaje hapa? Kwa mlango wa bunduki. Katika karne ya 16, ku-"charge" silaha kulikuwa kuishindilia baruti na risasi, na baadaye kipimo cha baruti cha mlio mmoja kikaitwa "charge". Katika karne hiyohiyo ya 16, miaka ya 1560, kitenzi kikaanza kutumika pia kwa wapiganaji wanaomwendea adui mbio. Waongoza watalii wanalijua vizuri: "the elephant charged us" ina maana tembo alitujia kwa kasi kutushambulia. Hakutudai kiingilio.

Miaka ya 1740 wataalamu wa Ulaya na Amerika walikuwa wakijaza umeme ndani ya chupa ya Leyden, chombo cha kioo cha kuhifadhia umeme, na lugha ya kujaza silaha ikahamia huko. Benjamin Franklin wa Philadelphia ndiye aliyeeneza maneno ya chaji chanya na chaji hasi, na safu ya chupa zilizounganishwa akaiita "battery", jina la safu ya mizinga. Neno hilo limetoka kwenye kitenzi cha Kifaransa "battre", kupiga. Ndiyo sababu "assault and battery" kwenye karatasi za mahakama haina uhusiano na betri ya gari: "battery" hapo ni kumpiga au kumgusa mtu kwa nguvu kinyume cha sheria.

Namba zilizoandikwa kwenye boksi la simu zinahusiana na mzigo huohuo. 5000 mAh ni kiasi cha chaji kinachoingia kwenye betri, sawa na coulomb 18,000 (coulomb ni kipimo cha kisayansi cha chaji). Wati zilizoandikwa kwenye chaja ni habari nyingine, zinaeleza kasi ya kujaza. Muuzaji anayekwambia simu "ina chaji kubwa" kwa sababu chaja yake ni ya wati 33 amechanganya vitu viwili.

Kwa wasomaji wa Kenya kuna "charge" moja inayoweza kugharimu shamba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inatumia neno hili kwa rehani: ardhi inatwishwa deni la benki. Umiliki hauhami, unabaki wako, ila hati imebeba mzigo. Kumaliza kulipa mkopo pekee hakuuondoi mzigo huo kwenye rejista. Benki lazima itie saini hati ya "discharge of charge", nayo isajiliwe kwenye ofisi ya ardhi. Usipofuatilia, mnunuzi akifanya upekuzi miaka kadhaa baadaye atakuta shamba bado lina rehani. Tanzania, Sheria ya Ardhi ya 1999 inatumia "mortgage", kwa hiyo mtafsiri wa mikataba wa Dar es Salaam asishangae kuona wa Nairobi anaandika neno jingine kwa rehani ileile.

Hilo linatuleta kwa "discharge", ambalo ni kupakua tu. Mwagizaji wa mizigo analiona kwenye hati ya shehena: "port of loading" ni bandari ya kupakilia, "port of discharge" ni ya kushushia, labda Mombasa au Dar es Salaam. Pale bandarini maana ya kale ya mkokoteni haijachuja.

Hospitalini neno hili lina sura mbili, na zisichanganywe. "He was discharged on Friday" ni kuruhusiwa kurudi nyumbani. Lakini fomu ikiuliza "Any discharge?" inauliza kama kuna usaha, ute au majimaji yanayotoka kwenye kidonda, sikioni au ukeni. Anayemtafsiria mgonjwa akauliza "umesharuhusiwa?" ameharibu historia nzima ya ugonjwa, na mgonjwa atajibu hapana kwa unyoofu wote.

Mahakamani "discharged" hutafsiriwa haraka kuwa "ameachiwa huru", nayo ni hatari. Kenya, kifungu cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai kinasema kesi ikiondolewa kabla mshtakiwa hajatakiwa kujitetea, anaachiwa, lakini kuachiwa huko hakuzuii kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale. Tanzania nako, Mkurugenzi wa Mashtaka anaposema hana nia ya kuendelea na kesi, kuachiwa huko si kinga kamili dhidi ya kushtakiwa tena. Ndiyo maana wamekuwepo walioachiwa na kukamatwa tena hata kabla ya kutoka kwenye viwanja vya mahakama. Mzigo umeshushwa kwa muda, haujachomwa. Aliyekutwa hana hatia ni "acquitted", na huyo ndiye wa kuandikiwa "ameachiwa huru". Kwa "discharged" ya namna hii andika "ameachiwa baada ya mashtaka kuondolewa", sentensi inakuwa ndefu kidogo lakini haidanganyi.

Ndugu wa ukoo wapo wengi. "Car" na "carry" zilipitia Kifaransa cha kaskazini, kilichobakiza sauti ya "k". "Cargo" imetoka Kihispania. "Career" ilikuwa njia ya magari ya farasi kabla ya kuwa njia ya maisha ya kazi. "Caricature" ni picha iliyozidishiwa mzigo, pua ikawa kubwa kupita kiasi. Hiyo ni ya Waitaliano. Usiingize gari la Kiswahili kwenye ukoo huu hata kama sauti zinashawishi. Gari tumelipata kutoka India.

Kuhusu kamusi, jua unashika ipi. Merriam-Webster na Oxford English Dictionary ile kubwa hupanga maana kwa umri, ya kale kwanza, kwa hiyo juu kabisa utakutana na kupakia na kutwisha kabla ya bei na betri. Kamusi za wanafunzi kwa kawaida huanza na maana inayotumika zaidi leo. Unapotafsiri barua ya benki, ya wanafunzi inatosha. Unaposhika hukumu, mkataba wa ardhi au maandishi ya zamani, fungua zote mbili, na uende moja kwa moja kwenye mifano yenye kihusishi kilekile ulichokikuta.