Mbwa mzee anayekaza chooni: je, shida ni tumbo?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina mbwa dume wa miaka 11, Simba, mlinzi wetu hapa Moshi. Hajahasiwa. Anakula ugali na dagaa, pamoja na mifupa ya bucha. Siku hizi akienda choo anakaza muda mrefu na kutoa kidogo tu, kigumu na cheupe. Siku nyingine anatoa majimaji yenye ute. Jirani anashauri nimnyweshe mafuta ya kula na mtindi. Nimpe nini kurekebisha tumbo lake?

JIBU: Kabla ya chakula, kuna mambo mawili uliyoyataja yanayonipa wasiwasi: hicho choo cheupe, na kwamba Simba hajahasiwa.

Choo cheupe ni mifupa. Kivunje kwa kijiti. Kikisagika unga mkavu, ujue mabaki ya mfupa yamejazana kwenye utumbo mpana. Kadiri yanavyokaa humo, utumbo unazidi kufyonza maji na choo kinazidi kukauka. Yale majimaji mara nyingi hayatokani na kuharisha, bali ni ute unaopenya pembeni mwa choo kilichokwama. Ukimpa dawa ya kuzuia kuharisha utamfunga kabisa. Acha mifupa leo, mibichi na iliyopikwa. Iliyopikwa ni hatari zaidi, maana hupasuka vipande vyenye ncha.

La pili ni tezi dume. Kwa dume asiyehasiwa hukua kadiri umri unavyosonga, na kwa kuwa iko chini ya utumbo wa mwisho, ikivimba huubana. Choo hutoka bapa kama utepe, na wakati mwingine utaona matone ya damu kwenye mkojo. Tazama pia kama kuna uvimbe laini pembeni mwa njia ya haja kubwa, kwani huenda misuli ya hapo imeachia na utumbo umesukumwa nje ya njia yake. Yote mawili hayaponi kwa chakula. Daktari wa mifugo huipima tezi kwa kidole chenye glavu, ni kazi ya muda mfupi. Ikiwa ni kukua kwa kawaida kwa uzee, kumhasi ndiyo tiba, na tezi husinyaa ndani ya wiki chache. Wengi wanahofia mbwa ataacha ulinzi. Hataacha, mbwa habweki kwa korodani.

Mafuta usimnyweshe. Mbwa akishikwa kwa nguvu, yanaweza kuingia mapafuni bila hata kukohoa, na nimonia ya mafuta ni ngumu kutibu. Mtindi usio na sukari, kijiko kimoja au viwili, hauna ubaya, ila hauwezi kuondoa choo kilichokwama. Wala usimpige bomba nyumbani, yaani kumwingizia maji kwa njia ya haja kubwa.

Sasa chakula. Ugali uwe laini, wenye maji mengi. Changanya na boga lililochemshwa bila maganda wala mbegu. Kwa mbwa wa kilo 25 anza na kijiko kimoja cha chakula kwa mlo, uongeze hadi viwili. Nyama usimpunguzie eti kwa sababu ni mzee, anaihitaji ili misuli isiishe. Protini hupunguzwa figo zikionekana kuchoka baada ya kupima damu. Dagaa wa chumvi waloweke, umwage maji. Mabaki ya mchuzi yaacheni kabisa: vitunguu huharibu damu ya mbwa, na mafuta mengi huweza kuwasha kongosho. Mabadiliko yafanye kidogokidogo kwa wiki nzima, mlo ugawe mara mbili au tatu, na maji yawepo muda wote.

Mfungue mdomo pia. Meno yenye ukoga wa kahawia na fizi nyekundu humfanya ameze bila kutafuna. Akiwa na nyonga zinazouma, hachuchumai hadi mwisho, huinuka kabla hajamaliza. Hapo watu humpa diklofenaki au ibuprofeni za binadamu, na matokeo yake ni vidonda vya tumbo na figo kuharibika. Dawa ya minyoo apewe kila miezi 3, kwa uzito aliopimwa.

Mpeleke akapimwe wiki hii. Akianza kutapika, akigoma kula, au choo kikiwa cheusi kama lami, mpeleke siku hiyohiyo. Tumbo likivimba huku anajaribu kutapika na hakitoki kitu, mpeleke saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.