Mwalimu wangu alitumia vijiti, mimi nina watoto 90

SWALI: Jambo sana, Mzee Mwalimu. Ninafundisha mwaka wa tatu wa shule ya msingi hapa Goma, watoto 90 katika chumba kimoja. Kazi hii niliipenda kwa ajili ya mwalimu wangu mmoja aliyetufundisha hesabu kwa vijiti na vijiwe vya lava, akipita benchi kwa benchi. Nikimwiga, vijiti vinamwagika, kelele zinafika kwa direkta, naye ananiambia nirudie kukaririsha. Wenzangu waliotoka semina wanasema kukaririsha ni mambo ya kale. Nimsikilize nani?
Mwalimu, Goma

JIBU: Mwanangu, huyo mwalimu wako alikuwa fundi. Kijiwe cha volkano ya Nyiragongo kina matundu na kingo, hakibiringiki hata benchi ikiinama. Sisi huku Bukavu tulitumia maharagwe, na nusu ya somo iliishia chini ya madawati. Ila ujiulize, yeye alikuwa na watoto wangapi? Tangu shule ya msingi ilipofanywa bure Septemba 2019, watoto ambao wazazi wao walishindwa kulipa primu, ile nyongeza ya mshahara wa walimu waliyotozwa wazazi, wameingia darasani. Nami nafurahi kuwaona. Vyumba tu ndivyo havikuongezeka kwa kasi yao.

Sasa, alikuwa akitafuta nini alipopita kwenye mabenchi? Mpe mtoto 42 kutoa 17. Wengi watakuandikia 35. Usimpigie msalaba mwekundu ukaendelea na safari, mwulize amefikaje. Atakueleza bila aibu: 7 haitoki kwenye 2, basi ametoa 2 kwenye 7 akapata 5, kisha 4 kutoa 1 ni 3. Ana kanuni yake, na anaifuata barabara! Hapo ndipo vijiti vinafaa. Mwekee mafungu 4 ya vijiti kumi kumi na vijiti 2 pembeni, mwambie atoe 7. Anachukua vile 2, anakwama, anakutazama, anatazama mafungu. Mwache. Akishafungua kamba ya fungu moja kwa mkono wake, hiyo hesabu ya kukopa hutamfundisha tena.

Lakini huwezi kuwapitia watoto 90 hivyo, na hapo ndipo ninapowacheka kidogo hao wa semina, maana dawa ni ya kale kuliko mimi. Walimu wa zamani tunaiita La Martinière, jina la shule ya Lyon, Ufaransa, ilikoanzia katika karne ya 19. Kila mtoto ana kibao na chaki. Unatamka hesabu, kimya. Unagonga meza, wote wanaandika. Unagonga tena, vibao vyote juu! Kwa mtupo mmoja wa macho umeona 35 ziko wapi. Wenye 25 wape mazoezi kwenye kaye, yaani daftari. Wenye 35 waite mbele kwa makundi, ndio wa vijiti. Mafungu machache yatatosha, na kelele hazitamfikia direkta.

Na kukaririsha usikutupe. Jedwali la kuzidisha likishaeleweka kwa mkono, liimbwe kila asubuhi hadi litoke lenyewe. Mtoto anayehesabu vidole kutafuta 7 mara 8 atachoka kabla hajaligusa swali lenyewe. Usianze tu na wimbo.

Direkta usibishane naye ofisini. Mkaribishe darasani saa ya vibao, akae nyuma, aone vikipanda.

Kuhusu vibao: omba mabaki ya triplai kwa seremala, yakate, yapake rangi nyeusi isiyong'aa mara mbili na uyaache yakauke vizuri kabla ya chaki. Kitambaa cha kufutia kila mtoto alete chake kutoka nyumbani, la sivyo watafuta kwa mkono wa shati na akina mama watakuja kukuona.